Tambi na Karatasi Nyeupe ya Haji Nureni

Kismayu,
siku za mwisho za Rajabu

Ndugu yangu mpenzi Mwana Esha,

Naanza kwa kukuomba radhi, nawe usiitoe kwa haraka, maana kimya changu kimekuwa kirefu na mwenye haki ya kukasirika ni wewe. Barua zako zote zimenifikia. Ya kwanza ilinikuta nimelala kwa homa. Ya pili ilinikuta nimepona, lakini nina jambo moyoni ambalo sikujua nilishike wapi ili nikueleze. Nami, kama unijuavyo, sipendi kuandika nusu ya habari. Mtu akipewa nusu ya habari, nusu ya pili huitunga mwenyewe, na aghalabu huitunga vibaya. Leo nimekaa kitako nikuandikie yote.

Hali yako hujambo? Vidole vyako vinaendeleaje? Uliandika kwamba vinavimba asubuhi, kisha mara moja ukarukia habari ya arusi ya jirani, kana kwamba mimi nitasoma arusi na kuviacha vidole. Nimeviona. Nataka kujua kama unavikanda kwa mafuta ya simsim yenye moto kama nilivyokuagiza, au umeyapikia. Na mwanao Rukia je? Watoto wake wamepona kikohozi? Mwambie asiwaogeshe kwa maji ya kisima jioni.

Mimi namshukuru Mwenyezi Mungu. Homa ilinichukua nyama za mashavu lakini imeniachia akili. Maji ya huku yana chumvi hata chai haikubali kuwa tamu, na upepo unaleta mchanga mpaka ndani ya wino. Kofia uliyonishonea huko Amu naivaa Ijumaa tu. Watu huniuliza nimeinunua wapi, nami huwaambia haiuzwi. Mwandiko wako umekuwa mzuri kuliko wa wanafunzi wangu wote, nao nimewaambia hivyo bila kuwaficha. Bado unaunganisha maneno yanayotaka kutengana, ila hilo litakwisha.

Nimewataja wanafunzi, na hapo ndipo habari yenyewe inapoanzia. Unakumbuka kwamba nililetwa huku na wafanyabiashara wa mji ili niwafundishe watoto wao Kurani na nahau ya Kiarabu. Tangu Wataliana warudishiwe nchi hii waisimamie kwa muda, wamefungua skuli zao, na wazazi wamevutika. Siwalaumu. Mtoto anayejua lugha ya serikali atapata kazi ya serikali. Lakini kila mwezi jamvi langu linazidi kuwa pana na watoto wanazidi kuwa wachache. Wazazi hawajanifukuza, ni watu wenye haya. Wanasubiri nitambue mwenyewe, nami nimekwisha tambua.

Kati ya wazazi hao yuko mmoja aitwaye Haji Nureni, mtu wa Barawa, mfanyabiashara mwenye tumbo kubwa na moyo mkubwa vilevile. Nilipokuwa mgonjwa yeye ndiye aliyeniletea supu, akaketi karibu na kitanda changu akanisimulia bei za ngozi mpaka nikalala. Haji huyu ameshirikiana na Mtaliana mmoja aliyejenga nyumba ya mashine nje kidogo ya mji. Mashine hiyo inatengeneza tambi.

Naam, tambi, ndugu yangu. Najua umesimama kusoma. Endelea.

Siku moja Haji alinichukua nikaione. Unga unatiwa juu pamoja na maji, chuma kinakanda, na chini kuna sahani ya shaba yenye matundu mengi. Hapo ndipo zinapotoka, nyuzi kwa nyuzi, zote sawa, hazikatiki wala haziyumbi, na mtu amesimama na kisu anazikata kama anayekata nywele za bibi arusi. Kisha zinatundikwa juu ya fito, chumba kizima. Nilichunguza kila kitu kwa sababu Haji alinitaka nichunguze. Ni unga na maji. Hakuna mafuta ya mnyama yeyote, hakuna mayai, hakuna kileo, na mahali ni pasafi. Chakula hicho ni halali, na nisingependa mtu aseme vingine kwa kuwa tu kimetoka kwa Mtaliana.

Mtaliana akatukaribisha chakula. Wao huzichemsha kwa maji na chumvi, kisha humwaga juu yake nyanya na nyama ya kusaga. Mimi nilionja, nikaona kuna kitu kimesahauliwa, nikaomba sukari kwa adabu. Haji alipoitafsiri haja yangu, uso wa yule bwana ulibadilika. Aliinuka akaileta sukari kwa mkono wake mwenyewe, akanitazama nikinyunyiza kama anayemtazama mtu akiosha miguu ndani ya mtungi wa maji ya kunywa.

"Anauliza," Haji akaniambia, "ni dini au ni ugonjwa?"

"Mwambie ni Amu," nikajibu. "Na mwambie kwetu kungekuwa na tui na iliki pia, ila sikutaka kumsumbua."

Mtaliana alicheka mpaka akatoa leso. Baada ya hapo akawa rafiki, akanionyesha aina zote anazotengeneza na kunieleza majina yake, Haji akitafsiri. Hapo ndipo nilipopendezwa, maana majina ndiyo kazi yangu. Nyembamba kabisa huziita vermicheli, maana yake vijinyoo. Nilimwuliza kama mtu anaweza kumkaribisha mgeni ale vijinyoo. Akasema kwao hakuna anayesikia tena minyoo ndani ya neno hilo, linasikika chakula tu. Zilizo nene kidogo huziita spageti, yaani vijikamba. Ziko za umbo la masikio na ziko za vipepeo. Mwishoni akaninong'oneza, kama mwenye haya kidogo, kwamba ziko aina kwao zilizopewa majina ya nchi za watu. Moja imepewa jina la Wahabeshi, nyingine la Tarabulusi ya Libya, kwa sababu serikali yao ilikwenda kuzitwaa nchi hizo kwa bunduki, na wenye mashine wakataka kuisherehekea serikali. Wahabeshi walikwisha kurudishiwa nchi yao, lakini jina lao bado linachemshwa kwenye vyungu vya watu wasiowajua. Hilo lilinikaa moyoni.

Akaniuliza nasi tunaziitaje. Nikamwambia kwamba Waarabu wa kale waliziita itriya, nalo nimelikuta katika kamusi nilizosomeshwa na marehemu mwalimu wetu. Waarabu wa siku hizi wanasema shaaria, kwa kuzifananisha na nywele. Sisi watu wa Amu hatukufuata la kale wala la sasa. Sisi tulisema tambi, wingi wa utambi, ule wa taa.

"Kwa sababu zinafanana?" akauliza.

Nilimwambia ndiyo, kwa kuwa ndilo jibu fupi. Lakini jibu refu unalijua. Mama alikuwa akisema jina lile halikutoka machoni bali lilitoka vidoleni. Unakumbuka Shaabani za utoto wetu, kabla ya taa za mafuta ya taa kuenea. Wanawake wa mtaa walikusanyika kwetu na pamba, wakasokota tambi za taa za msikiti kwa ajili ya Ramadhani. Wakimaliza wananawa mikono, wanaletewa donge la unga, na vidole vilevile, kwa msokoto uleule, vinaendelea na kazi. Tambi za taa zinapangwa juu ya uteo huu, tambi za kula juu ya uteo ule. Mama akituona tumekaa bure alituita, "Ndooni mukae, vidole haviombwi ruhusa." Mimi mwanamume nilifukuzwa nilipofika miaka ya kwenda chuoni, wewe ukabaki, na mpaka leo ndiyo kazi inayokuweka mjini.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa nimefurahi. Sikujua bado kwa nini Haji alinipeleka.

Siku chache baadaye alikuja na karatasi nyeupe, zile watakazofungia vifurushi. Hazikuwa na kitu juu yake. Akasema anataka kuzipeleka tambi zake kusini, Kiunga kwanza, kisha Faza, kisha Amu kabla ya Ramadhani. Anataka niandike jina kwa herufi zetu, kwa mwandiko wangu mzuri, wapate kulichongea muhuri wa kupigia chapa. Na chini yake niandike maneno machache, kwamba mimi fulani mwana wa fulani, mwalimu, nimeshuhudia ni halali. Kwa malipo yake atanipa kazi ya kudumu ya kalamu dukani kwake, na chumba cha nyuma chenye kisima chake, niishi humo mpaka Mungu atakaponichukua.

"Na jina gani niandike?" nikamwuliza.

"Tambi, Mwalimu. Jina gani jingine?"

Nikamwambia huku mjini wanaziita basta, na aandike hivyo.

"Basta nani ataijua Amu? Mwanamke hanunui jina asilolijua. Mwandikie tambi, na jina lako chini, ataweka kifurushi kikapuni kabla hajauliza bei. Neno lako ndilo litakalouza, si unga wangu."

Nilimwambia nitakwenda naye Kiunga kwanza, nione. Naye akakubali, maana anapenda safari akiwa na mtu wa kumswalisha.

Sasa nisikilize vizuri. Tulifika Kiunga asubuhi. Mimi nilikwenda msikitini kumwamkia imamu, mzee niliyesoma naye zamani, nikachelewa huko kwa mazungumzo. Haji hakuwa na subira. Aliwaza kwamba mtu akitaka kuuza kitu kigeni huanza kwa kukigawa bure. Basi alivaa kanzu yake nzuri na joho, akamtwika hamali sinia la shaba, akapanga juu yake vifurushi vyake vya tambi vilivyofungwa karatasi nyeupe, akaanza kupita mlango kwa mlango. Kwa kila nyumba alitoa salamu kwa sauti ya chini, kwa heshima, kisha akasema, "Pokeeni hizi tambi, msilipe chochote."

Wewe umekwisha elewa, na huenda umeshika kinywa. Haji ni mtu wa Barawa, kwao msiba una mambo mengine. Hakujua kwamba kutoka Amu mpaka Kiunga anayetaka tambi huzifuata kwa mwenye kuzisokota. Tambi mbichi zikimfuata mtu mlangoni, zimeletwa kwa sababu nyumba hiyo ina maiti na vidole vyake havitasokota mwaka huo. Wala hakujua kwamba kwetu ukisikia "fulani kapelekewa tambi," huulizi habari za chakula, unauliza anazikwa lini. Na ilikuwa Rajabu, wakati ambao hakuna nyumba iliyoanza kusokota. Na wanaume wengi wa Kiunga walikuwa wamekwenda kukata boriti mikokoni, kwa siku nyingi, hawajaleta habari.

Nilikisikia kilio nikiwa bado nazungumza na imamu. Kilianza nyumba moja, kikashika ya pili. Nikatoka mbio, mtu wa umri wangu, na kitabu changu kwapani kwa sababu sikupata pa kukiweka.

Nilimkuta Haji amesimama kwenye daka la nyumba ya mwanamke aitwaye Bi Somoe, aliye na mume na mwana katika hao wakata boriti. Bi Somoe amelishika joho la Haji kwa mikono miwili.

"Sema! Ni yupi? Ni Mbwana au ni babake?"

"Mama, ni za kupika tu," Haji anasema, jasho linamtoka. "Ni za kupika!"

"Najua ni za kupika! Anapikiwa nani?"

"Ni zawadi! Wallahi ni zawadi!"

"Wote wawili?" akapiga kelele. "Yaa Rabbi, wote wawili!"

Kisha akaniona mimi, nimevaa kilemba, nina kitabu kwapani, nahema. Akaliachia joho, akakaa chini pale pale. "Na msomaji kaja naye," akasema kwa sauti ndogo. Sauti hiyo, Mwana Esha, sitaki kuisikia tena.

Nilichuchumaa mbele yake. Nikamwambia, "Bi Somoe, nitazame. Hakuna aliyekufa. Mumeo hai na mwanao hai, kwa kadiri tujuavyo sisi wageni. Mtu huyu ni mchuuzi, hajui ada. Anauza." Niliyarudia maneno hayo mara kadhaa, pole pole, kama ninavyomrudishia mtoto herufi. Alinitazama, akamtazama Haji, akavitazama vile vifurushi vyeupe juu ya sinia. Halafu akainuka. Nilidhani atashukuru.

"Anauza?" akasema. "Mzee mzima, mwenye joho, umetuzikia waume zetu wazima ili uuze?"

Wanawake wa nyumba nyingine walikuwa wamekwisha fika, buibui zao nusu juu nusu chini. Sikuwahi kuona mtu akitukanwa kwa ufasaha kama alivyotukanwa Haji Nureni.

"Kwani Barawa hakufi mtu?"

"Kwetu msiba tunapeleka kahawa," Haji akajitetea.

"Basi ungeleta kahawa, baba, tungekunywa!"

"Na hamali wake kakaza uso kama mbeba jeneza!"

"Sinia lilikuwa zito, mama," hamali akasema.

Hapo mmoja akacheka, na kicheko kikawashika wote kama kilio kilivyowashika, na wengine walicheka huku machozi ya kwanza hayajakauka. Bi Somoe alikuwa wa mwisho kucheka, na alipocheka alimpiga Haji begani kwa kiganja. Haji alinivuta pembeni akaniuliza kama pigo lile lilikuwa la msamaha. Nikamwambia angoje chakula kwanza.

Maana Bi Somoe alisema, "Maadamu zimekwisha fika, nitazipika, mle mbele yangu, zisibaki nyumbani mwangu." Akazikaanga kwa samli mpaka zikawa rangi ya mbao ya mvule, akatia sukari, tui na iliki. Tukala sote. Nikamwuliza ukweli wake.

"Nzuri," akasema. "Zimenyooka mno, kama askari waliokaguliwa, lakini nzuri. Haya tuseme kweli, Mwalimu. Vidole vyangu vimechoka. Mkwe wangu hataki kujifunza. Akiziweka dukani nitanunua."

"Hata zikiitwa tambi?"

Akafuta mikono. "Tambi?" akasema. "Hapana. Aziite kamba, aziite nywele, aziite Haji Nureni nikipenda nitamla. Lakini siku nitakapofikwa na msiba wangu, nataka jirani akiniletea tambi niijue ni habari gani imeingia. Zikiwa kila siku ziko dukani kwa jina hilo, nitaijuaje?"

Haji aliyasikia maneno hayo yote. Tulipokuwa safarini kurudi nilidhani yamemtosha. Lakini Haji ni mfanyabiashara. Tulipokaribia kufika akaniambia kwa furaha, "Mwalimu, umenifunza jambo kubwa. Umesema anayetaka huzifuata. Basi kosa langu lilikuwa kuzipeleka milangoni. Amu nitaziweka dukani, wazifuate wenyewe." Akanishukuru! Nilimweleza ada yetu ili aiache, yeye akaifanya ndia ya kupitia.

Hilo ndilo jambo, ndugu yangu, na sasa nimelitoa lote. Nimelipima huku na huku. Kwa upande mmoja, biashara yake ni halali, unga wake ni safi, na neno si shamba ambalo mtu analirithi akaliwekea ua. Nimewafundisha watoto miaka mingi kwamba jina hufuata kinachoitwa. Na si kweli kwamba kila mwanamke wa Amu ana vidole vya chuma, wewe ukiwa wa kwanza. Kwa upande wa pili, watu wa mji wetu hawanijui kwa mali, wananijua kwa ukali wa neno langu. Nikiandika tambi juu ya karatasi ile na jina langu chini, watakaoamini ni walewale wanaobisha hodi kwako kila Shaabani, na wengine nimewasomesha mimi. Nitakuwa nimewageuza mlangoni pako kwa kalamu yangu. Haji anasema nisipoandika mimi ataandika karani mwingine. Anaweza. Lakini karani huyo si mwana wa mama yako.

Nisipoandika, kazi ya kalamu haipo na jamvi langu limekwisha kuwa tupu. Itanibidi nirudi Amu, nije nikae kwako, nile katika sahani inayotoka kwenye tambi zako. Nikiandika, nitakaa katika chumba chenye kisima, na wewe sijui utakula nini. Nimetafuta ndia ya tatu na sijaiona wazi. Nimemwambia Haji nitamtungia jina jingine, zuri, lenye maana, na nitaandika ushahidi wa uhalali chini yake kwa moyo mweupe. Amesema atafikiri. Uso wake ulisema hataki.

Sikuulizi wewe nifanye nini, na nakueleza sababu usije ukahuzunika. Nakujua. Utaniandikia, "Ichukue kazi, kaka, mimi sijambo," kisha utauza bangili za mama kimya kimya, na ukiulizwa utasema zilikubana. Shauri la namna hiyo silitaki. Ninachokutaka ni mambo mawili tu, na uyajibu kwa ukweli kama unavyomjibu tabibu. Nijulishe hali ya vidole vyako, si hali unayotaka niijue. Na unijulishe kama Rukia ana nia ya kuishika kazi hii baada yako, au anaifanya kwa kukuonea huruma. Lingine, usinunue bado unga wote wa Shaabani. Chukua kidogo, wa kuanzia. Mwenye duka ukimwambia nimesema mimi atakuwekea.

Nisalimie mjomba Athmani, ndugu wa mama aliyebaki, na umwambie kitanda alichonichongea kabla sijasafiri ndicho ninachokiota nikilala juu ya hiki cha kamba. Nisalimie Bi Nana, jirani yetu wa ukuta mmoja, mpaka na kuku wake, ingawa jogoo wake simsamehe. Msalimie mwanao Rukia na mumewe, na watoto uwabusu, yule mdogo umwulize herufi tatu za kwanza kabla hujambusu. Nisalimie imamu wa msikiti wetu, na umwombe aniombee, asiseme kwa nini. Na mke wa marehemu kaka yetu, umwambie dawa ya macho aliyoagiza imepatikana, nitaileta au nitaituma.

Habari ya Kiunga unaweza kuwasimulia, hata sehemu ya sukari. Habari ya karatasi nyeupe iwe kati yetu wawili.

Haji anataka jibu kabla chombo chake hakijapakiwa kwenda Amu, na sijamwandikia neno hata moja. Nikishakata shauri nitakuandikia, ndugu yangu, na utalijua wewe kabla hajalijua yeye. Barua hiyo itafika kabla ya mzigo wake, hata kama nitalazimika kuileta kwa mkono wangu.

Ndugu yako akupendaye, ambaye hakusema hivyo mara za kutosha,

Omari